Hula ya Hawaii: Wageni Wamelipia Macho, Masikio ni ya Nani?

Mwaka 1937 mkubwa mmoja wa Kodak, kampuni ya kuuza filamu za kamera, mjini Honolulu, Hawaii, aliona kasoro ya kibiashara. Watalii walikuwa wakishuka melini na kamera zao shingoni, lakini hula, ngoma ya asili ya visiwa hivyo, walionyeshwa usiku, hotelini, kwenye mwanga ambao filamu za siku zile hazikuuweza. Akaanzisha onyesho la bure pale Waikiki, kukiwa kweupe, wachezaji wamepangwa jua liwapige usoni, na kabla ya kumaliza wanainua herufi kubwa zinazosomeka HAWAII ili picha isihitaji maelezo. Piga mpaka filamu ikuishie, kanunue nyingine. Onyesho hilo lilidumu miaka 65, hadi 2002.

Kwa wanaoichukulia hula kuwa amana ya wazee, hakuna mfano mbaya kuliko huo. Ngoma iliyokuwa ikichezwa mbele ya machifu na mbele ya madhabahu ya Laka, mungu wa kike wa hula, inapangwa upya kufuata matakwa ya kamera. Lakini waliosimama jukwaani pale walikuwa akina mama wa Kihawaii, wengine wenye wajukuu, wakilipwa kwa kufanya kitu cha kwao katika miaka ambayo karibu kila cha kwao kilihesabiwa upuuzi. Nani yuko sahihi hapo, limekuwa swali la Hawaii kwa miongo mingi, na halina tofauti kubwa na lile tunalozungushiana sisi kila hoteli ya pwani inapoita kikundi cha ngoma wakati wageni wanakula pweza wao.

Upande wangu nitausema mapema. Ugomvi wa jukwaa ni wa pembeni. Mtalii hakuwahi kuwa na nguvu ya kuiua hula. Kilichokaribia kuiua ni kukosekana kwa watu wanaoelewa inachosema. Hoja hiyo nayo ina shimo lake, na shimo lenyewe si dogo, nitalifikia.

Kwa Wahawaii kinachotangulia ni mele, yaani shairi. Mele inaweza kughanwa peke yake bila mtu kunyanyua mguu, na hapo huitwa oli. Kinyume chake hakiwezekani. Ukiondoa mele hakuna hula, umebakiwa na mazoezi ya viungo. Hata vyombo vimewekwa kumpisha mghani. Kuna pahu, gogo lililochimbwa likawambwa ngozi ya papa, ambalo masimulizi yanasema mtu aitwaye Laʻamaikahiki alikuja nalo kutoka Kahiki, ng'ambo ya bahari. Kuna ipu heke, vibuyu viwili vilivyounganishwa kimoja juu ya kingine. Kumu hula, yaani mwalimu, anaketi, anavigonga chini na kuvipiga kwa kiganja huku yeye mwenyewe akighani. Kuna vijiwe laini, viwili katika kila mkono, vinalialia kama kauri mfukoni. Yote hayo hayafuniki neno.

Miguu inashika mdundo, mikono inagusia maneno. Nasema inagusia, kwa sababu ile sentensi anayoambiwa kila mtalii, kwamba mikono ndiyo inayosimulia hadithi, ina ukweli nusu. Mkono ukipanda kisha ukashuka vidole vikichezacheza, hiyo ni mvua. Sawa, mvua ipi? Mkono haujui. Wahawaii walizipa mvua zao majina kwa mamia, na pepo vilevile, kama wavuvi wetu wasivyoridhika na neno upepo mpaka waambiwe ni kusi, kaskazi, matlai au umande. Kanilehua ni mvua ya mji wa Hilo. Tuahine ni ya bonde la Mānoa. Ukisikia jina umeshajua mahali, na mara nyingi umeshajua na mtu aliyefichwa nyuma ya mahali hapo.

Kuna kisa kimoja ambacho nikikitafakari naona hula yote imo ndani yake. Pele, mungu wa volkano, yuko Puna, mashariki mwa kisiwa kikubwa cha Hawaii, anawaomba wadogo zake wamchezee. Wote wanakataa, hawajui kucheza. Anayekubali ni Hiʻiaka, kitinda mimba, kwa kuwa amefundishwa na rafiki yake aitwaye Hōpoe. Maneno anayochezea, kwa ufupi, yanasema Puna inacheza upeponi, mikadi ya Keaʻau inacheza, Hāʻena inacheza na Hōpoe, mwanamke anacheza kando ya bahari. Naam, mikadi, mti wao ni wa jamii moja na ule wa pwani yetu ambao maua yake akina mama hutia nguoni yanukie. Tazama kitenzi kinavyosafiri. Nchi inacheza, mti unacheza, mtu anacheza, na hakuna mstari unaosema huyu anafanana na yule. Kitenzi ni kimoja kwa wote.

Baadaye Pele anamtuma Hiʻiaka mbali, kisiwa cha Kauaʻi, akamletee mpenzi wake Lohiʻau. Hiʻiaka anakubali kwa sharti: dada mtu alinde misitu yake ya lehua, miti ya maua mekundu, na amlinde Hōpoe. Safari inakuwa ndefu, Pele anaingiwa na wivu, anavunja ahadi. Lava inateremka juu ya lehua na juu ya Hōpoe. Kwa hiyo msikilizaji anayekijua kisa, anapolisikia jina la Hōpoe ndani ya wimbo ule wa furaha, tayari anajua atakavyokufa. Asiyekijua anaona msichana, maua na bahari. Wote wawili wameketi mbele ya jukwaa moja, na kila mmoja anaondoka na hula yake.

Wahawaii wana neno la tabaka hilo la chini: kaona. Sisi hatuna haja ya kulitafsiri kwa maelezo marefu, tunalo fumbo. Anayeishi kwenye kanga na taarabu hashangai kusikia kwamba wimbo wa ua uliolowa kwa umande wa asubuhi hauhusu kilimo. Na hapa nitaomba ruhusa ya kutoka Hawaii kidogo.

Miaka kadhaa nyuma shangazi yangu alikuwa akiimba na kikundi kidogo cha taarabu kilichoalikwa hotelini, kaskazini mwa Unguja. Nilikwenda kubeba vyombo. Usiku ule waliimba wimbo ambao mtaani kwetu ungeleta ugomvi kabla beti ya pili haijaisha, maana ulikuwa unamsema mwanamke anayejulikana, mpaka na rangi ya baibui lake. Wageni walikuwa wakitabasamu, mmoja akasimama akacheza na mtoto wake. Tulipopumzika nikamuuliza, "Shangazi, hawa wanaelewa kweli?" Akafunga mtandio wake, akasema, "Mwanangu, hawa wamelipia macho. Masikio ni yetu."

Alikuwa na raha yake kwa sababu masikio yalikuwepo. Wahudumu jikoni walikuwa hoi kwa kicheko. Hawaii ya 1937 ilikuwa inapungukiwa na jiko hilo.

Ilifikaje huko, ni habari ya sheria zaidi kuliko ya utalii. Wamisionari wa Kimarekani waliingia 1820. Mwaka 1830 Kaʻahumanu, mjane wa Kamehameha wa Kwanza aliyekuwa na sauti kubwa serikalini na aliyekuwa ameshabatizwa, alipiga marufuku hula hadharani. Alipofariki 1832 marufuku ile ililegea, kwani vijijini haikuwa imeshika sana. Ndipo likaja wimbi jingine ambalo halitajwi mara nyingi. Katika miaka ya 1850 malalamiko hayakuwa ya dhambi tupu; yalikuwa pia ya kazi. Watu wanaacha mashamba wanakwenda kwenye hula, na mashamba ya miwa yanahitaji mikono. Kufikia 1859 kucheza hadharani kwa malipo kulihitaji leseni ya dola 10 kwa kila onyesho. Ni fedha nyingi kwa mtu wa shamba. Kila nikisikia hula iliangushwa na maadili ya kanisa peke yake, huwa nakumbuka hizo dola 10.

Mfalme Kalākaua akaja kuipindua hali hiyo. Kwenye sherehe za kutawazwa kwake 1883, na tena alipotimiza miaka 50 mwaka 1886, aliwaita walimu wa hula ikulu, mchana na usiku, mbele ya mabalozi. Mji ukagawanyika. Ratiba ya hula za 1883 ilipochapwa, wahusika wa uchapaji walifikishwa mahakamani kwa kosa la uchafu. Sababu ni mele maʻi, nyimbo za kusifu maungo ya uzazi ya machifu ili ukoo usikatike. Mahakama iliona matusi. Kungwi yeyote wa Pwani angeona somo la unyago lililotolewa hadharani, na labda kosa pekee angelolitaja ni hilo la hadharani.

Kisha yakafuatana mambo matatu ndani ya miaka mitano: 1893 ufalme ukapinduliwa na wafanyabiashara wakisaidiwa na wanajeshi wa Marekani, 1896 sheria ikataka shule zote zifundishe kwa Kiingereza, 1898 Marekani ikavichukua visiwa. Mimi naliona pigo la katikati kuwa ndilo lililoigusa hula kuliko marufuku zote. Marufuku ya kucheza inamfanya mtu acheze kwa kujificha. Ukimnyima mtoto lugha, hana tena cha kujificha nacho. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, ukiacha kisiwa kidogo cha Niʻihau, watoto waliokuwa wakizungumza Kihawaii walikadiriwa hawafiki 50.

Sasa nirudi kwa wanaolilaumu jukwaa, maana wana mengi ya kuonyesha. Sketi ya nyasi inayojulikana dunia nzima kama vazi la hula haikuwa ya Hawaii. Ililetwa na vibarua wa visiwa vya Gilbert, Kiribati ya leo, katika karne ya 19. Wahawaii walivaa kapa, nguo ya gome la mti kama ile mbugu ya Waganda, na majani mabichi. Panga za moto zinazofunga karibu kila onyesho la hotelini ni za Kisamoa. Mtetemo wa nyonga wa kasi ni wa Tahiti. Ukulele ulitokana na gitaa dogo la Wareno wa Madeira waliokuja kulima miwa 1879. Huu hauna ubaya wowote kwangu, Wahawaii waliuchukua wakaufanya wao, kama sisi na kinanda na fidla. Lakini ukijumlisha yote, usiku mmoja wa hoteli unaweza kukupa Samoa, Tahiti, Tonga na Aotearoa, yaani New Zealand, kwenye sahani moja, kila moja dakika tano, na mgeni akaondoka akidhani ni nchi moja yenye watu wanaofurahi muda wote.

Hilo la furaha ndilo linalonikera kuliko sketi. Tonga wana lakalaka, shairi linalochezwa na mamia ya watu waliosimama kwa safu, linalobeba historia, nasaba na sifa za watawala. Malkia Sālote mwenyewe alikuwa mtunzi mkubwa wa mashairi hayo. UNESCO iliitambua 2003. Huwezi kuikata dakika tano bila kuikata kichwa. Hula nayo ina maombolezo, ina nasaba, ina dua, ina siasa. Hotelini kinachopita mlangoni ni mapenzi na machweo.

Wapinzani wa jukwaa wana hoja ya pili, ngumu zaidi: hata mashindano ya Wahawaii wenyewe yanabana. Mele ndefu inapunguzwa iingie kwenye muda, safu zinanyooshwa ziwe kama gwaride, majaji wanatoa alama. Jambo lililokuwa la madhabahu, lenye miiko ya chakula na majani ya kuchuma msituni kwa ruhusa ya Laka, linageuka kombe la kupeleka nyumbani.

Ila hapa historia inawachezea. Mashindano yanayoheshimiwa kuliko yote, Merrie Monarch ya mjini Hilo, yalizaliwa kwa ajili ya nini? Tsunami ya 1960 iliua watu 61 Hilo na kuuacha mji umelala kiuchumi. Mwaka 1963 uongozi wa eneo hilo ukaanzisha tamasha la kuvuta wageni, likapewa jina la utani la Kalākaua, mfalme mpenda raha. Miongoni mwa vivutio vya mwanzo kulikuwa na shindano la nani ana ndevu zinazofanana na za mfalme. Ndevu! Shindano la hula liliingizwa 1971, wanawake tu. Wanaume wakaongezwa 1976. Leo ni vigumu kumpata kumu hula ambaye hajatamani siku moja kulipandisha kundi lake jukwaa lile. Kitu kilichoanza kama mtego wa watalii kimekuwa mahali ambapo Wahawaii wanahukumiana wao kwa wao.

Kilibadilika vipi? Kila halau, yaani chuo cha hula, inayoshindana huandaa maelezo kwa ajili ya majaji: mele imetoka wapi, nani alitunga, kila mstari unamaanisha nini, kwa nini vazi hili na kwa nini ua hili. Kuna hata tuzo ya lugha ya Kihawaii. Jukwaa lilianza kuuliza maswali ya masikio. Ili kuyajibu, walimu na wanafunzi wao wakarudi kwenye hazina ambayo karibu wote walikuwa wameisahau: kati ya 1834 na 1948 yalichapwa magazeti ya Kihawaii yapatayo mia moja, na wasomaji wake walikuwa wakituma mele, nasaba na visa kama kile cha Pele toleo baada ya toleo, kwa miezi. Wazee waliokuwa wakizuiwa kucheza walikuwa wameandika. Mwaka 1978 Kihawaii kikawa lugha rasmi ya jimbo pamoja na Kiingereza, 1984 ikafunguliwa shule ya kwanza ya chekechea ya Pūnana Leo inayofundisha kwa Kihawaii, na 1986 katazo la kufundishia kwa lugha hiyo shuleni likaondolewa. Hula na lugha zilipandishana ngazi. Sidhani kama moja ingefika peke yake.

Kwa hiyo utalii ulisaidia? Nadhani ulilipa kodi ya nyumba wakati mwenye nyumba hayupo. Aliporudi aliikuta inasimama, ingawa imepakwa rangi za ajabu. Hilo si jambo dogo, na wanaolibeza wanapaswa kutuambia wangependa wale akina mama wa Waikiki wafanye kazi gani mwaka 1937. Ila hilo la kulipa kodi lisigeuzwe hati ya umiliki.

Umiliki ndio ugomvi wa sasa. Maori wa Aotearoa waliujaribu kwa sheria. Haka, yaani ngoma yao ya kughani, iitwayo Ka Mate, ambayo dunia inaijua kwa timu ya raga ya All Blacks tangu 1905, ilitungwa na Te Rauparaha, chifu wa Ngāti Toa, karibu na mwaka 1820. Alikuwa amejificha kwenye shimo la viazi vitamu, maadui wanapita juu, mwanamke ameketi mdomoni mwa shimo kumkinga. Maneno yake ni ya mtu anayejiuliza nitakufa au nitaishi, kisha anatoka akaliona jua. Ukilijua hilo, ile mikunjo ya uso uwanjani haikai tena kama vitisho vitupu. Imo na pumzi ya aliyeponea chupuchupu. Mwaka 2014 bunge la New Zealand lilipitisha sheria inayotaka anayeitumia kibiashara, au kwenye filamu au matangazo kwa umma, amtaje Te Rauparaha kama mtunzi na chifu. Haimzuii mtu kuicheza. Haimtozi senti. Wengine wanaiona sheria isiyo na meno. Mimi naiona imelenga mahali sahihi, maana inachokulazimisha ni kumtaja mtu, na ukimtaja utaulizwa alikuwa nani.

Hawaii haina sheria ya namna hiyo, lakini mwaka 2021 makumu hula wengi walikutana wakatoa tamko, Huamakahikina, la kutaka hula ilindwe na walioirithi wawe na kauli juu ya inavyotumiwa. Kauli hiyo inaigusa Japani moja kwa moja, ambako inaaminika wanafunzi wa hula ni wengi kuliko Hawaii yenyewe. Watu hulicheka hilo, na mimi nililicheka mpaka niliposoma habari za Iwaki. Ni mji wa makaa ya mawe, kaskazini mwa Tokyo. Migodi ilipoanza kufungwa, kampuni ikayachukua maji ya moto yaliyokuwa yakiwasumbua wachimbaji chini ya ardhi, ikajenga juu yake Hawaii ya bandia, ikaifungua 1966. Mabinti wa wachimbaji walifundishwa hula ili familia zisihame. Tetemeko na tsunami ya 2011 zilipoupiga mkoa huo, wachezaji wa pale walizunguka nchi wakicheza, hadi kwenye makambi ya waliopoteza nyumba. Sasa mtu wa Iwaki akiicheza hula, anaiba? Mji wake na Hilo ni miji miwili iliyopigwa na bahari ikaishika ngoma ileile isizame. Sioni wizi hapo. Naona deni, na wapo Wajapani wanaolilipa kwa kusafiri kila mwaka kukaa miguuni mwa kumu, na kwa kujifunza Kihawaii neno kwa neno.

Na hapo ndipo shimo la hoja yangu lilipo. Kama kipimo ni masikio, basi mama wa Tokyo aliyesoma Kihawaii miaka 20 ana hula kuliko kijana wa Honolulu ambaye babu yake alikatazwa Kihawaii shuleni. Yaani nimemnyang'anya ngoma mtu kwa sababu tayari alikuwa amenyang'anywa lugha. Aliyeandika sheria ya 1896 angefurahi kunisoma. Nimelizunguka hili kwa siku kadhaa na jibu nililonalo ni la nusu: lugha ipime onyesho, isimpime mtu. Naweza kusema hula hii ni tupu, haijui inasema nini. Siwezi kusema huyu si mwenye hula. Urithi unaweza kukaa kwa mtu ambaye bado hajapewa ufunguo wake.

Nasema hivyo pia kwa sababu ya nilichokiona 2019 kwenye video za Mauna Kea. Maelfu walikuwa wameifunga barabara kuzuia darubini kubwa isijengwe juu ya mlima wanaouheshimu. Polisi waliwakamata wazee zaidi ya 30 waliokuwa wameketi barabarani. Siku baada ya siku, mara tatu kwa siku, waliokuwepo walisimama wakaghani na kucheza, na umati ukafuata. Ukitazama nyuso unaona wengine midomo inatangulia na wengine midomo inafuata. Waliokuwa wakifuata walikuwa wanajifunza maneno papo hapo, kwa baridi ile, hakuna mtalii wala jaji. Nani angewaambia wakae pembeni mpaka wafaulu mtihani?

Na mwaka mmoja kabla, 2018, lava ya volkano ya Kīlauea ilishuka Puna, ileile ya Hiʻiaka na Hōpoe, ikameza nyumba zaidi ya 700. Wapo waliochuma majani ya mmea uitwao ti wakayaweka mlangoni kwa Pele kabla hawajahama. Mtangazaji wa nje angeiita imani ya zamani. Lakini mtu aliyekua akisikia kwamba Pele aliwahi kuvunja ahadi kwa mdogo wake mwenyewe hana haja ya kuelezwa kwamba ardhi ya pale ni ya kuazima.

Wahawaii hawa si wageni kabisa kwetu. Jamaa zao wa mbali kilugha walivuka Bahari ya Hindi wakafika Madagaska, ndiyo maana saba ni fitu kwa Msamoa na fito kwa Mmalagasi, mbingu ni lani Honolulu na lanitra Antananarivo. Na wataalamu wengi wanaihusisha ngalawa yetu yenye matengo na mikono yao. Labda ndiyo maana nimeyaandika haya kwa uchungu kidogo kuliko inavyomstahili mtu wa mbali.

Ugomvi wenyewe umeshahama. Sensa ya 2020 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya Wahawaii asilia wanaishi nje ya Hawaii, kwenye majimbo mengine ya Marekani, wengi wakisukumwa na bei ya nyumba ambayo utalii uleule umechangia kuipandisha. Wako wengi Las Vegas kiasi kwamba wanaiita kisiwa cha tisa, maana visiwa vikuu vya Hawaii ni vinane. Huko nako kuna halau. Namfikiria mtoto wa miaka tisa, jangwani, mahali ambapo mvua ni habari ya gazeti, anainua mkono juu kisha anaushusha, vidole vikichezacheza. Mwalimu anasimamisha kibuyu. Anamuuliza: mvua ipi?